Walioumia uti wa mgongo, kibofu mnakiendeshaje? Tupeane uzoefu

Habari zenu wapendwa. Kaka yangu aliumia mgongo, kila anayekuja kumuona anauliza atatembea lini, ila mkojo hakuna anayeuliza na ndio unaomnyima usingizi. Karudi nyumbani na mpira wa mkojo. Nyie mlianzaje, mlipimwa nini?

— Pole ndugu yangu. Mimi jeraha ni la kifuani. Mwanzoni kibofu kililala kabisa, baada ya wiki kadhaa kikaamka na fujo, kinajikamua chenyewe halafu mlango wake nao unabana hapohapo, sasa mkojo uende wapi kama sio kurudi juu kwenye figo, na maumivu husikii! Iligundulika kwenye kipimo cha presha ya kibofu, wanakuwekea mpira mwembamba wanajaza maji taratibu mashine inasoma. Msimwache bila hicho kipimo jamani, kutovuja sio kupona. Natumia oxybutynin, dawa ya kutuliza kibofu, inakausha mdomo na kufunga choo, na choo kikijaa kibofu kinasumbua zaidi, kwa hiyo ratiba ya choo siichezei.

— Kwangu ni kinyume, niliumia chini kabisa, kibofu kimelegea, kikijaa kinamwagika tu. Najitoa mkojo mwenyewe kwa mpira kila saa 4 hadi 6, naandika ninachokunywa na kinachotoka, nahakikisha hakizidi mililita 500 kwa mara moja. Tangu niachane na mpira wa kudumu nimepata uhuru mkubwa mno.

— Dada hapo juu ana vidole, mimi ni shingo, havishiki kitu, nikawekewa mpira wa chini ya kitovu na nashukuru. Ila wenye jeraha la T6, yaani pingili ya sita ya mgongo usawa wa kifua, kwenda juu sikieni, kichwa kikigonga ghafla, jasho usoni, presha ikapanda, mtu akalishwe wima, alegezwe nguo, muangalie kama mpira umejikunja au kuziba, mkojo utoke. Isiposhuka kimbizeni hospitali, hiyo inaua.

— Na antibiotiki je, mkojo ukinuka tu nimeze?

— Hapana, wenye mpira bakteria wanakuwepo karibu siku zote, ukimeza kila mara wanakuwa sugu. Homa, misuli kukaza kuliko kawaida, hapo usisubiri, kapimwe.

— Asanteni sana, nimewasoma wote. Hicho kipimo cha presha kaka hajafanyiwa, kliniki ijayo naenda kukidai pamoja na ultrasaundi ya figo.