Mweka hazina aliyekula fedha za kikundi anaomba kurudi: je, tabia hubadilika?

Mchuuzi wa Igogo:
Habari za jioni, ndugu zangu. Sisi wanane tunauza dagaa pale Mwaloni Kirumba. Miaka minne iliyopita mweka hazina wetu alitumia fedha za kikundi kwa mambo yake. Amezirudisha zote kidogo kidogo, na sasa anaomba kurejea. Watano kati yetu wanashikilia kwamba tabia ni ngozi, haivuliwi. Je, mtu mzima hubadilika kweli, au sisi watatu tunaponzwa na huruma?

Mzee wa Nyegezi:
Samaki mkunje angali mbichi, mwanangu. Huyo ameshakauka.

Mwalimu wa Ilemela:
Shikamoo mzee wangu. Kauli yako inafanana na ya William James, mwanasaikolojia wa Marekani, aliyeandika mwaka 1890 kwamba tabia za wengi hukauka kama plasta wafikapo miaka 30. Hata hivyo, mwaka 2006 mwanasaikolojia Brent Roberts na wenzake walijumlisha tafiti 92 zilizowafuatilia watu walewale kwa miaka, wakaona kwamba uwajibikaji huelekea kuongezeka, hasa kati ya umri wa miaka 20 na 40. Huo ni wastani tu, wala hauwezi kumtolea mtu mmoja hukumu.

Kinachonigusa zaidi ni mgawanyiko wenu wenyewe. Mwanasaikolojia Carol Dweck, akiwa na watafiti wenzake Chiu na Hong, alionyesha mwaka 1997 kwamba anayeamini kuwa tabia haibadiliki huwa mwepesi wa kumpima mtu kwa tendo moja na kutarajia alirudie. Kwa hiyo nahisi watano wenu wanaitazama siku ile moja, ilhali ninyi watatu mnaihesabu miaka minne ya kulipa, nayo ni ushahidi pia.

Mama wa Vicoba, Buswelu:
Sisi tulimrejesha wa kwetu kama mwanachama wa kawaida, si mweka hazina. Sanduku letu lina kufuli tatu, na kila ufunguo una mshikaji wake, hivyo hatukulazimika kwanza kukubaliana kuhusu moyo wake.

Mchuuzi wa Igogo:
Asanteni sana. Mama, umenikumbusha jambo ambalo hatujawahi kulisema kikaoni: sanduku letu lilikuwa na kufuli moja, na ufunguo alikuwa nao yeye.