MREJESHO: Ile komedi ya maisha ya sekondari niliyoomba

Wakuu, niliomba komedi ya zamani ya shule, fupi, isiyonidai miezi miwili ya kuimaliza. Mlionitajia "Freaks and Geeks", Mungu awabariki. Nimeimaliza yote.

Ilianza kurushwa na kituo cha runinga cha NBC mwaka 1999, lakini mambo yake ni ya 1980, Michigan, Marekani. Vipindi 18 tu, na kituo kiliikata hata kabla vyote havijaonyeshwa! Kila ninayemsimulia anabisha, maana humo ndani kuna mastaa Seth Rogen, James Franco na Jason Segel wakiwa bado vijana wabichi.

Lindsay, kipanga wa hesabu, anafiwa na bibi yake, anavaa koti la jeshi la baba yake na kuanza kukaa na watukutu. Mdogo wake Sam yuko kwenye kundi la wanyonge wanaoonewa kila siku. Baba yao ndiye aliyenimaliza: ukitenda kosa lolote, ana hadithi ya mtu aliyelitenda na sasa ni marehemu. Wazee wetu hawa hawa.

Ila kipande kilichonikamata ni cha Bill, rafiki yake Sam. Anarudi nyumbani, hakuna mtu, anajitengenezea mkate wa jibini, anakaa mbele ya runinga na kucheka peke yake. Hakuna mazungumzo kabisa. Niliirudia.

Aliyeniambia itachelewa kuchanganya, mimi ilinishika kuanzia kipindi cha kwanza. Sasa nahamia "Undeclared" ya 2001, ya Judd Apatow, mmoja wa watayarishaji wa hii hii, ila ni ya maisha ya chuo. Aliyeiona aseme, bila kunimalizia utamu.