Ngano yangu imeshikwa na kutu, je, mbegu imechoka?

Mkulima wa Nkuhungu: Wakuu, naishi Dodoma mjini ila shamba nimekodi Basotu, Hanang. Misimu ya mwanzo ngano ilikuwa safi, nikawa najiwekea mbegu mwenyewe. Safari hii mashina yametoka vipele vya rangi ya tofali, ukipitisha kidole kinabaki na unga. Punje zimesinyaa. Aliyeniuzia alisema mbegu hii haishikwi na kutu kabisa. Majirani wanasema imechoka kwa kurudiwa. Ninunue mpya ya aina ileile?

Chikonje: Mtu wa Dodoma na ngano wapi na wapi? Lima mtama, angalau kwelea kwelea watakushukuru 😂

Bwana Shamba Mstaafu: Hiyo ni kutu ya shina, ya njano ingejipanga mistari kwenye jani. Mambo ya mbegu kuchoka waachie wa mahindi chotara. Ngano hujichavusha yenyewe, kwa hiyo jeni za kinga ulizonunua bado zimo. Aliyebadilika ni kimelea. Jeni nyingi za kinga humtambua kwa kitu kimoja tu anachokitoa. Siku akikibadili, mmea haumwoni tena. Ndivyo ilivyoangushwa Sr31, jeni iliyotolewa kwenye rai (nafaka ndugu ya ngano) na kutegemewa nchi nyingi, mpaka kutu ya Ug99 ilipoonekana Uganda 1998. Kwetu ikathibitishwa 2009.

Mama Zawadi: Sasa anunue ipi, mzee wangu?

Bwana Shamba Mstaafu: Ileile asinunue, atalipia ugonjwa uleule. Awaulize TARI Selian, kituo cha utafiti wa kilimo Arusha, aina yenye jeni kadhaa kwa pamoja, na aulize kama Sr2 imo. Hiyo vipele utaviona, ila mmea ukishakua inavipunguza kasi, na inatumika tangu miaka ya 1920. Mimi nikiambiwa "haishikwi kabisa" ndipo naanza kuogopa.

Wa Katesh: Ng'oa maotea, yaani ngano iliyojiotea yenyewe, kabla ya kupanda. Kutu haikai kwenye mbegu, inakaa kwenye mmea mbichi na kusafiri na upepo. Na dawa piga vipele vikiwa vichache.

Mkulima wa Nkuhungu: Shukrani sana. Maotea yapo tele, nilikuwa nawaachia mbuzi wa jirani. Nikipata aina mbili, nichanganye au nigawe shamba?

Bwana Shamba Mstaafu: Kuchanganya kunaichelewesha kutu kweli, lakini zitakomaa kwa kupishana na mnunuzi atakusumbua. Gawa.