Kupika bila kitunguu wala saumu kwa wageni Wahindu, Mwanza: mvuje kiasi gani, na paniri haishikani

Mpishi_Nyegezi:
Wakuu habari. Kuna chakula cha mchana cha watu 6, waumini wa Krishna, wanaofuata mapishi ya Yamuna Devi, mwandishi wa kitabu cha upishi wa Kihindi usio na nyama. Samaki, nyama na mayai hawagusi, hilo linaeleweka. Lakini dali (mchuzi wa choroko) bila kitunguu wala saumu inapooza. Mvuje, ule utomvu mkavu wenye harufu kali, unawekwa lini na kiasi gani? Pia paniri (jibini mbichi ya Kihindi) inabomoka kwenye mchuzi. Maziwa ni freshi ya mtaani, lita 2, na ndimu 4.

Bizari_Nyembamba:
Mkuu, anza na hili: chakula hicho kwanza hutolewa kwa Krishna, kwa hiyo mpishi haonji jikoni. Chumvi lazima ipimwe, huwezi kurekebisha kwa ulimi.

Chukua choroko zilizopasuliwa, zisizo na ganda, kikombe 1. Osha mpaka maji yawe maangavu, weka maji vikombe 6 na manjano nusu kijiko cha chai. Ziwa letu liko mita 1,134 juu ya bahari, maji huku huchemka kwenye nyuzi 96 hivi, basi usishangae zikichukua saa nzima kulainika. Nyanya au ukwaju viingie mwishoni, maana uchachu huzuia choroko kulainika. Chumvi kijiko 1 na robo cha chai.

Sasa kiungo. Pasha samli vijiko 2 vya chakula. Tia bizari nyembamba kijiko 1 cha chai. Ikianza kupasuka na kugeuka rangi ya kahawa, tia tangawizi iliyotwangwa na pilipili kavu. Mvuje ni wa mwisho, robo kijiko cha chai, hesabu hadi tano, mimina vyote kwenye dali na ufunike hapohapo. Mvuje mbichi unanuka vibaya; samli ya moto ndiyo inayoutoa ile harufu ya kitunguu. Samli ikitoa moshi mvuje unaungua, na dali yote inakuwa chungu.

Kirumba_Jikoni:
Tumia tu bizari ya pakiti ya mchuzi, inamaliza kazi.

Bizari_Nyembamba:
Hapana ndugu, soma nyuma ya pakiti. Nyingi zina unga wa saumu. Na mvuje wa unga mara nyingi umechanganywa na unga wa ngano. Kama siku hiyo ni Ekadashi, siku yao ya mfungo ambayo huja mara mbili kila mwezi mwandamo, hawali nafaka wala jamii ya maharage. Hapo mvuje huo hautumiki, na dali yenyewe haipikwi. Waulize tarehe kwanza.

Mama_Samli:
Paniri: kwanza hakikisha maziwa hayakuongezwa maji, kwani hayo hutoa chembe ndogo zisizoshikana. Chemsha lita 2 hadi yafure, punguza moto, tia maji ya ndimu kidogo kidogo, vijiko 4 hadi 5 vya chakula. Ndimu hazilingani, pima maji yake, usihesabu tunda. Maji yakiwa ya kijani hafifu, angavu, epua papo hapo: ukiendelea kuchemsha inakuwa kama mpira. Chuja kwa kitambaa cha melimeli, suuza uchachu, kamua, kandamiza kwa uzito wa kilo 2 kwa dakika 45. Iache ipoe kabisa kabla ya kukata, ndipo uikaange kidogo kwa samli. Kwenye mchuzi iingie dakika 5 za mwisho. Yale maji kandia chapati.

Jibini ya dukani iache. Nyingine hugandishwa kwa kimeng'enya cha tumbo la ndama.

Bizari_Nyembamba:
Naongezea kuhusu mwandishi mwenyewe. Yamuna Devi alikuwa Mmarekani, alikutana na Bhaktivedanta Swami, mwanzilishi wa harakati ya Hare Krishna, New York mwaka 1966, akajifunza upishi jikoni kwake. Kitabu chake kikubwa cha mwaka 1987 kina mapishi zaidi ya 500. Alifariki Desemba 2011.

Mama_Samli:
Na sufuria, mwiko na mafuta viwe vipya au vya pembeni. Mafuta yaliyokaangia sangara hayasafishiki, hata uchuje mara ngapi.

Mpishi_Nyegezi:
Nimeelewa. Ekadashi naulizia leo hii.