Boti ya feni ya Siyu: propela ifungwe moja kwa moja kwenye injini, ama tungoje pesa za shafti?

MTOTO WA SIYU
Assalam aleikum wana Lamu. Hili naleta hapa manake barazani limetugawa mpaka watu wawili hawasalimiani. Mlango wetu wa Siyu mnaujua, maji yakijaa unaingia na boti mpaka karibu na ngome, yakipwa ni tope na mikoko tu, autibodi, ile injini ya kuning'inia nyuma ya boti, inakula matope mpaka inazima. Mgonjwa akizidiwa saa nane za usiku na maji yashapwa, mnakaa mnatazamana. Sasa vijana wanachanga pesa za boti ya feni, ile ya chini bapa inayosukumwa na propela ya hewa juu kule nyuma, kama za kule kwenye vinamasi vya Florida. Ndani ya maji haina kitu hata kimoja kwa hivyo tope si kitu kwake. Injini tushapata, ya Probox iliyogongwa ubavuni. Fundi wetu anataka propela ifungwe palepale penye flaiwili, lile gurudumu zito la nyuma ya injini, kazi iishe. Fundi wa pili kaja kasema mkifanya hivyo injini itakufa kwa msukumo na mtakuwa mmetupa pesa za watu, bora mngoje pesa za kuipa propela shafti yake peke yake. Nyinyi mwaonaje? Pesa ni za umma hizi, si zangu.

NAHODHA MSTAAFU
Mwanangu mimi nasema fungeni. Kitu kikiwa na vipande vingi baharini kinakufa mapema, chumvi haina huruma. Ndege ndogo zinazotua Manda propela yake iko wapi? Si imefungwa kwenye injini hapo hapo, hakuna mkanda hakuna giaboksi, na ziko angani zina watu. Mafundi wa siku hizi wanapenda kuongeza vitu ili bili iongezeke.

FUNDI WA MOKOWE
Mzee wangu heshima yako, lakini injini ya ndege na ya Probox ni kama jahazi na mtepe, zote zinaelea lakini hazikushonwa sawa. Zile injini za ndege, Lycoming na Continental, tangu kiwandani zinajua zitavutwa na propela, ndani wameweka beringi ya kubeba ule mvuto saa zote, na nguvu yake inatoka mizunguko 2,700 hivi kwa dakika, ambayo propela inaiweza. Hii ya Probox nguvu zake kama farasi 109 ziko kwenye mizunguko 6,000 huko. Chukua propela ya mita 1.8 uizungushe 5,000, ncha zake zinakwenda zaidi ya mita 470 kwa sekunde, sauti yenyewe haifiki 350. Itapiga kelele tu, isukume kidogo. Kwa hivyo ukiifunga moja kwa moja lazima uishike 2,700, na hapo umebaki na kama nusu ya zile farasi ulizonunua. Hio ni hasara ya kwanza, bado sijafika kwa msukumo.

Msukumo sasa. Propela ikisukuma hewa nyuma, yenyewe inasukumwa mbele, na kwa kuwa imefungwa kwenye kranki, ile shafti kuu inayozungushwa na pistoni, basi kranki ndo inasukumwa, inaingia ndani kuelekea puli ya mbele. Ndani ya bloku, yaani mwili wa injini, kinachoizuia ni trasti washa, vile vipande vyembamba viwili viwili vyenye umbo la mwezi mwandamo, unene wake kama shilingi. Kwenye gari kazi yake ni nini? Ni ukikanyaga klachi tu. Unakanyaga, unabadilisha gia, unaachia, sekunde mbili tatu, mafuta yanarudi katikati washa inapoa. Mnajua yule dereva wa matatu anayependa kupumzisha mguu juu ya klachi kutoka Mpeketoni mpaka hapa? Muulizeni injini yake ilikufa na nini. Sasa propela ni huyo dereva, ila huyu hatoi mguu kabisa. Kwa boti ndogo kama hii tukikisia kilo moja na nusu ya msukumo kwa kila farasi, ni kama kilo 70 na kitu zinaegemea vile vipande viwili toka unawasha mpaka unazima.

MTOTO WA SIYU
Sasa fundi kilo 70 si ni mtu mmoja tu? Klachi yenyewe haikanyagwi kwa zaidi ya hapo?

FUNDI WA MOKOWE
Swali zuri sana, wengi wanateleza hapo. Klachi hata inazidi. Tatizo si uzito, ni muda. Uso wa washa ni bapa, mafuta yanaingia pale kwa yale yaliyovuja kutoka beringi kubwa ya kranki, hayasukumwi kwa presha. Ukiwa unaegemea bila kuachia yale mafuta yanakamuliwa, chuma kinagusa chuma. Nilishawahi kufungua moja, si ya boti, ya pampu ya maji shambani iliyokuwa imefungwa vibaya, ikisukuma kranki upande mmoja kutwa. Washa za upande mmoja zilikuwa zimelika mpaka zimebaki kama karatasi, moja imedondoka iko kwenye sampu, lile bakuli la mafuta chini ya injini, imejikunja, na kranki yenyewe imejichonga ubavu kwenye bloku. Hio bloku haina dawa, ni ya kuuzia vyuma chakavu.

KIJANA WA KIZINGITINI
Mimi sielewi kwa nini tunabishana washa. Pikipiki zipo, mgonjwa anapelekwa Mtangawanda, pale boti inaondoka maji yakiwa vyovyote. Pesa hizo nunueni autibodi mpya iwekwe Mtangawanda ikae na mafuta usiku kucha, basi.

BI MKUBWA WA FAZA
Wewe kijana hujawahi kukaa juu ya pikipiki na uchungu wa mimba. Mie nimepakiwa hivyo, mbele dereva nyuma shangazi yangu amenishika, mchanga hadi magurudumu yanazama, kila kishimo naona nyota. Mtoto alizaliwa salama alhamdulillah, lakini usiniambie pikipiki ni jawabu. Fungeni hiyo feni, ila mukiifunga isije ikazima katikati ya mikoko na mzazi yumo ndani, hapo itakuwa heri hiyo pikipiki.

NAHODHA MSTAAFU
Haya fundi, tuseme umenishinda kwa ndege. Wewe ungeifanyaje na pesa ni zilezile?

FUNDI WA MOKOWE
Injini nisingeitupa. Ningeweka shafti ya propela peke yake juu ya fremu, beringi mbili, moja ya kubeba uzito, nyingine ya rola zilizolala mshazari zile zilizo kwenye habu ya gurudumu la gari, ndo ibebe msukumo. Nyumba ya ile beringi ichomelewe kwenye fremu imara, na fremu kwenye boti. Msukumo ukitoka kwa propela unaingia fremu, unasukuma boti, kranki haijui kitu. Halafu kati ya kranki na shafti uweke mkanda wenye meno na puli mbili, ya chini ndogo ya juu kubwa, mara mbili hivi, injini izunguke 5,000 propela 2,500. Umepata farasi zako na umeokoa washa kwa kazi moja.

FUNDI WA LANGONI
Samahani naingilia, mimi ndo fundi ninayesemwa hapo juu kwamba nataka moja kwa moja. Maelezo ya washa sipingi. Lakini bwana wa Mokowe hujasema mkanda unavuta kranki kwenda juu, na ule mvuto ni mkubwa kuliko msukumo wenyewe, umetoa ugonjwa mwisho wa kranki umeuweka shingoni. Na mkanda wa meno wa ukubwa huo Lamu nzima haupo, ukikatika tunangoja Mombasa siku tatu. Mimi yangu hata ikilika nitaona mapema.

FUNDI WA MOKOWE
La mvuto ni haki yako, na jawabu yake ni puli ya chini ishikwe na beringi upande wa nje pia, isining'inie kwenye kranki kama ndoo. La mkanda pia haki, nunueni miwili, mmoja uwe ndani ya boksi tangu siku ya kwanza. Na kama mkanda hamuutaki kabisa, basi angalau shafti na beringi yake, na kaplini, yaani kiungo, yenye meno ya kuteleza katikati ili msukumo usipenye. Farasi zitapungua lakini injini itaishi. Ila hilo la kusema utaona mapema, utaonaje?

FUNDI WA LANGONI
Daili geji, ile saa ya kupimia mchezo, kwenye puli ya mbele, nasukuma na kuvuta kranki kwa mtaimbo. Mchezo ukipita 0.30 mm nabadilisha washa. Na kila nikibadilisha mafuta nakata filta naangalia kama ina unga unaong'aa.

FUNDI WA MOKOWE
Hapo tunaelewana sasa. Hiyo geji hata kwa boti yangu ingekuwa lazima. Lakini kubadilisha washa ni kushusha sampu, kwa boti iliyoko Siyu kwenye tope, na wagonjwa wanangoja. Mara ngapi kwa mwaka?

MPENDA PUNDA
Na kelele je? Hizo feni zinasikika maili. Ikiingia mbele ya forodha ya mji wa kale punda wote watakimbilia Shela, na wageni nyuma yao.

BI MKUBWA WA FAZA
Punda atazoea, ndugu yangu.

MTOTO WA SIYU
Kelele tutazungumza, isishuke mji, iishie Mtangawanda imhamishie mgonjwa boti ya kawaida. Nimepiga hesabu na wenzangu, fremu na beringi tunaweza, mkanda bado. Fundi wa Langoni amekubali aje aione kazi ya shafti kwa macho. Fundi wa Mokowe, tulete injini lini uipime kabla hatujakata chuma chochote?

FUNDI WA MOKOWE
Jumamosi asubuhi, saa mbili niko gatini na geji.

MTOTO WA SIYU
Saa mbili maji yatakuwa yamepwa, hatutoki. Tuseme saa saba.