Eti "labda siku hiyo hamkuuza"! Wakuu, nishikeni nisije nikafungwa

Wakuu, salamu baadaye. Natoka kikaoni sasa hivi, mikono inatetemeka. Yule jamaa wa mfumo wa mauzo wa kompyuta (mnamjua, yule anayevaa hedifoni hata msibani) kanigeukia mbele ya bosi, kakunja nne, kasema: "Labda siku hiyo hamkuuza."

Siku hiyo ni 31 Desemba! Duka la soda za jumla! Foleni ilianzia kaunta ikaishia Chalinze! Hatukuuza?

Ripoti ya Desemba inasoma tarehe 31 sifuri. Dogo wa fildi akachungulia kweri ya huyo bwana (amri anayoipa databesi, yaani hifadhi ya data, imtolee mauzo): BETWEEN '2024-12-01' AND '2024-12-31', yaani kati ya tarehe hizo. Safu yenyewe ya muda wa mauzo inabeba tarehe na saa, kwa hiyo ukiandika '2024-12-31' tupu, databesi inaelewa saa sita kamili usiku, siku ndo inaanza. Aliyenunua asubuhi kashaachwa nje. Dogo akasema kwa adabu zote, kaka, weka >= '2024-12-01' AND < '2025-01-01', yaani kuanzia Desemba mosi hadi kabla ya Januari mosi, yaishe. Jamaa hata hakumtazama. Akanigeukia MIMI. Labda hatukuuza. Na risiti ninazo mkononi!!

Kreti Tupu: Mkuu, tuambie ukweli, kwani mliuza?

Mama Ntilie wa Data: 😂😂 nimecheka hadi mteja kaondoka

Bwana Shoto: Kelele zote hizo za nini? Mwambie aweke 23:59:59 mwishoni.

Dogo Janja wa Seva: @Bwana Shoto na safu ikihifadhi hadi vipande vya sekunde, mauzo ya 23:59:59.5 utayalipia wewe?

Bwana Shoto: Nani ananunua soda muda huo?

mleta uzi: MKESHA WA MWAKA MPYA WEWE!

Pangu Pakavu: Afadhali wako. Wetu kahifadhi tarehe kama maandishi, siku mbele, mwezi katikati. Ukipanga, 02/12/2024 inatangulia 15/01/2024, kisa 0 iko kabla ya 1. Nikamuuliza, akanijibu mfumo uko sawa, watumiaji ndo wabovu.

Popo wa Sinza: Nyie mnachekesha. Seva yetu inahifadhi saa za UTC (saa za kimataifa), sisi tuko saa tatu mbele, na ripoti hakuna anayeigeuza. Bia ya saa saba usiku Januari mosi inasomeka mwaka jana. Bosi kanikata mshahara, eti hesabu ya zamu yangu haifungi.

Kreti Tupu: Kumbe baa yenu inafika saa saba?

Popo wa Sinza: Hadi saa nane mkuu, wikiendi tunasogeza.

mleta uzi: Wakuu turudi kwenye mada. Kakunja nne! Mbele ya bosi! LABDA HATUKUUZA!

Mama Ntilie wa Data: @Popo kitimoto mnayo?

Popo wa Sinza: Ipo, na ndizi. Njoo inboksi nikuelekeze.

Bwana Shoto: Na mimi.