Kamati ya kikundi chetu ilitupeleka Lushoto kukaa ukumbini, sasa wanataka turudie tena!

Wakuu salaam. Nipo Kigoma hapa na nina hasira kwelikweli. Kwenye grupu letu limetumwa tangazo kwamba mkutano mkuu wa mwaka huu ni Lushoto tena, ratiba ile ile ya mwaka jana, mchango umepanda toka laki mbili na nusu mpaka laki tatu, na dada mmoja aliyeuliza kwanini umepanda akajibiwa "usivunje watu moyo" kisha grupu likafungwa wanaandika viongozi peke yao. Ndo maana nimekuja huku.

Kikundi chetu ni cha kusaidiana, kilianzia Mwanga na Ujiji hapa hapa Kigoma, baadae wenzetu wakahamia Dar na Tanga na uongozi nao ukahamia huko huko. Mwenyekiti anatoka Tanga mjini asubuhi, mchana yupo Lushoto anakula. Sisi wa huku ni Uvinza, Kaliua, Urambo, Tabora, Manyoni, Dodoma, Morogoro, Chalinze, Segera, Korogwe, ndo ufike Mombo uanze kupanda mlima. Na treni haikufikishi, itakushusha Morogoro uhangaike na basi. Halafu mchango ni mmoja kwa wote, nauli kila mtu ajijue! Yaani mama anayeuza mawese sokoni analipa sawasawa na mtu wa mshahara anayetoka jirani, na juu yake nauli ya kwenda na kurudi. Tulilisema hili mapema, tukaambiwa kura zimeshapigwa. Kura yenyewe ilifunguliwa usiku watu wamelala, ikafungwa hawajaamka.

Naomba nieleweke, Lushoto haina kosa. Mji mzuri sana, Wajerumani enzi zao waliuita Wilhelmstal na walikuwa wanapanda kule kukimbia joto la pwani. Lakini ule ni mji wa mlimani, upo kama mita 1,400 toka usawa wa bahari, wakati sisi ziwa letu lipo kwenye 770 hivi, tumezoea joto. Walitupeleka mwezi wa saba, baridi ndo imekolea, na hakuna kiongozi hata mmoja aliyeandika "jamani njooni na masweta". Kina mama wa Ujiji wameshuka kwenye gari na madera na ndala, wanatetemeka, mapokezi wanaambiwa blanketi ni moja moja kwa sababu kamati ililipia vyumba vya bei ya chini bila kuuliza kilichomo.

Na tulipanda usiku. Toka Mombo ni kilomita thelathini na kitu za kona tupu, upande huu ukuta wa mlima upande ule korongo, kosta imejaa. Mama niliyekaa naye ana presha, kashika kiti cha mbele kwa mikono miwili, kafumba macho anasoma dua mpaka tunapita Soni, na konda anapitisha ndoo moja gari zima kwa wanaotapika, ikifika kwako unaipokea hivyo hivyo na ya mwenzio imo ndani. Nani alipanga hivyo? Tungelala Korogwe tupande asubuhi kungekuwa na hasara gani? Watu wangeona hata yale maporomoko ya Soni, maana wengine hawatapita tena njia ile maishani mwao.

Sasa siku yenyewe. Ratiba iliandikwa mkutano saa mbili mpaka saa sita, halafu jabali la Irente kutazama mandhari, halafu msitu wa Magamba. Mkutano ukaanza saa nne kwa sababu mweka hazina alikuwa bado anapiga hesabu pale pale mezani, hesabu ambazo alikuwa na mwaka mzima wa kuziandaa! Zikaja hotuba, likaja suala la katiba, akapewa nafasi mgeni rasmi ambaye hata hatumjui, tumetoka saa kumi jioni. Muongozaji wa Magamba alikuwa kashapewa hela ya awali, katusubiri toka mchana mpaka akaondoka zake. Irente tukafika ukungu umeshafunga. Pale siku ikiwa nyeupe unasimama juu ya jabali unaiona nyika yote kule chini, Mazinde na barabara kuu ya kwenda Arusha, sisi tuliona weupe mtupu tukageuza. Kesho yake alfajiri safari ya kurudi. Tumevuka nchi nzima kwenda kukalia viti vya plastiki ambavyo hata Mwanga vipo.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba watu wa Lushoto walishatuambia. Yule muongozaji alimwambia katibu kwenye simu kabisa kwamba mkutano na matembezi msiviweke siku moja, mlimani jua likianza kushuka hamna cha kuona, wekeni siku nzima ya kutembea na kikao kiwe siku nyingine. Akapuuzwa, na ratiba mpya ni ile ile hata saa hazijabadilishwa.

Na kwanini isiwe zamu? Wa Dar na Tanga waje Kigoma mwaka huu, kikao tunafanyia hapa mjini, kesho yake boti mpaka Gombe wakawaone sokwe ambao dunia nzima inawajua toka Jane Goodall alipofika pale 1960. Safari ndefu na wao waionje.

Mimi hiyo laki tatu sitoi mpaka hesabu za mwaka jana ziwekwe wazi na risiti zake, ikiwemo hela ya muongozaji na vyumba. Kikundi kimesajiliwa halmashauri, kwahiyo Jumatatu naenda na nakala ya katiba kwa afisa maendeleo ya jamii. Mwenye uzoefu anisaidie: wanachama wa kawaida tunaweza kuitisha kikao cha dharura bila mwenyekiti kuridhia, na tunahitaji sahihi za watu wangapi?